Mshono wa Kiatu Tumboni mwa Kochi

Mwaka ule pesa ziliadimika mpaka noti ikipita mtaani watu wanasimama kuiamkia. Sukari ilipanda bei hata sisimizi wakahama majumbani, wakaenda kujaribu bahati yao porini. Kiwanda cha nguo kikafunga mageti, ofisi zikapunguza watu, watu wakapunguza milo, na milo nayo ikawapunguza watu wenyewe. Ulikuwa ukikutana na mtu uliyemjua mnene, lazima kwanza ajitambulishe.

Katika mwaka huo, fundi makochi mmoja aliyeitwa Mpyampya alikuwa anaumwa ugonjwa ambao hakuna hospitali ingeweza kuutibu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mume wa shemeji yake.

Jina la Mpyampya hakuliokota. Kikombe kikipata ufa kwake, hakikumaliza siku. Saa mpya, simu mpya, redio mpya, na ile mpya ikianza kuzoeleka, inaletwa mpya zaidi. Enzi za neema kila kijana wa kiwandani aliyetaka kuoa alipita kwanza kwenye karakana yake kuagiza seti ya makochi, na pesa ilikuwa ikiingia mlangoni inatokea dirishani, tena inacheka. Sasa hakuna aliyeoa. Waliokuwa wameoa tayari walikaa kwenye mikeka na kusema ndio mtindo. Karakana ilimaliza wiki bila kusikia nyundo, na kwenye kona yake lilisimama jora la mahameli, rangi ya damu ya mzee, ambalo Mpyampya alilinunua kiwanda kikiwa kinakata roho, ili ajitengenezee kochi la kumnyamazisha kila mgeni atakayeingia kwake. Kochi halikutengenezwa. Jora lilibaki pale kama bibi harusi aliyekimbiwa.

Mwenye jengo alikwisha kumwambia waziwazi: mwezi ukiisha bila kodi, karakana anapewa muuza vifuniko vya simu. Na muuza vifuniko alikuwa anapita kila asubuhi, anasalimia kwa adabu, huku anapima ukuta kwa jicho. Mpyampya alijua maana yake. Fundi makochi bila karakana ni mtu mwenye nyundo tu.

Hata hayo angeyavumilia. Wahenga wamesema kifo cha wengi harusi, naye alikuwa tayari kuicheza harusi hiyo mradi watu wote wawemo. Tatizo ni kwamba mtu mmoja hakuwemo.

Mtu huyo ni Kiraka, fundi viatu, mwanyumba wake. Walikuwa wameoa ndugu wa tumbo moja, Mpyampya dada mtu, Kiraka mdogo mtu. Kiraka alikaa kwenye kona ya soko juu ya kigoda, na viatu alivyovaa alikuwa amevibadilisha soli, kisigino, ulimi na ngozi ya juu, kila kitu kwa zamu yake, mpaka kilichobaki cha asili ni matundu ya kamba. Madukani walimwita Mkaguzi. Akitaka kitu, alikwenda kukitazama, anakigeuza, anakinusa, anauliza bei, anashukuru, anaondoka. Kesho yake anarudi kukitazama tena. Enzi za neema Mpyampya alikuwa akimcheka mwanyumba wake mpaka anashika mbavu.

Lakini mwaka wa shida nani ananunua viatu vipya? Watu walitoa vya zamani mvunguni, wakapanga foleni kwenye kona ya Kiraka. Na katika mwaka huo huo ambao sisimizi walihama, Kiraka akaezeka nyumba yake upya. Mabati mapya! Jua likichomoza lilipiga kwenye paa lile, likaruka uwanja mzima, likaingia chumbani kwa Mpyampya na kumgonga kope.

"Huyu mtu anapata wapi?" alimuuliza mkewe, mkono umeziba macho.

"Anashona viatu, baba watoto."

"Viatu vinaezeka nyumba?"

"Havinunui redio, basi vinaezeka."

"Na wewe mdogo wako keshakununua."

"Kama angekuwa ananunua watu angekununua wewe, angalau tulipe kodi."

Mpyampya akageukia ukutani. Wahenga wamesema ukiona vyaelea, vimeundwa. Yeye siku hizo alisema ukiona vyaelea, vimeibwa.

Kilichommaliza kabisa kilikuwa habari ya mama mkwe. Kila mwaka bibi huyo alikuja kuwatembelea binti zake, na kila mwaka alifikia kwa Mpyampya, kwa sababu alipenda mahali laini pa kukaa. Safari hii akatuma salamu: atafikia kwa mdogo mtu. Eti amesikia paa lao halivuji.

"Halivuji!" Mpyampya alirudia neno hilo siku nzima, kama mtu aliyetukanwa kwa lugha ya kigeni na anataka kuikariri. Paa lake yeye lilivuja mahali padogo tu, tena pembeni.

Basi akaenda kwa Kiraka kumpongeza kwa mabati. Hayo ndiyo aliyoyasema. Moyoni alikwenda kutafuta tundu.

Walimkaribisha vizuri. Shemeji yake akamletea chai yenye kumbukumbu ya sukari, na Kiraka akahama kwenye kochi ili mgeni akae. Kochi lenyewe Mpyampya alilifahamu, maana lilitoka mikononi mwake. Lilikuwa la mjane mmoja tajiri wa nyumba ya ghorofa, aliyesemekana hakuwahi kuiamini benki hata kwa kuiangalia. Alipokufa, jamaa zake waliuza kila kitu haraka haraka, na Mpyampya akalichukua kochi lile ili alichune springi. Kabla hajalichuna Kiraka akapita, akalitazama, akaondoka, akarudi, akalitazama tena, akalipata kwa bei ya kuku mgonjwa. Miaka yote hiyo lilikaa hapo, kitambaa kimekwisha, mkono mmoja umefungwa kamba ya kiatu.

Mpyampya alikuwa ameinua kichwa anatafuta tundu la bati wakati kijiko kilipomponyoka kikaingia mvunguni mwa kochi. Akapiga magoti kukitafuta. Kijiko akakiona. Lakini aliona na kitu kingine, na mkono ukasahau kijiko.

Kitambaa cha chini, kile kinachofunga tumbo la kochi, kilikuwa kimekatwa kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha kikashonwa. Sasa, fundi makochi yeyote duniani akilifunga tumbo la kochi hugonga misumari midogo. Hashoni. Hapo palikuwa pameshonwa, tena kwa uzi mnene uliopakwa nta, mshono wa sindano mbili zinazopishana tundu moja. Ule ni mshono wa soli.

Kiraka alilipasua kochi la mjane. Kiraka aliingiza mkono. Halafu Kiraka akalishona.

Mpyampya alibaki pale chini, makalio juu, na mambo yote yakajipanga kichwani mwake kama misumari kwenye mdomo wa fundi. Mjane asiyeamini benki. Kochi la bei ya kuku mgonjwa. Mabati! Jua lile lililomgonga kope kila asubuhi lilikuwa jua lake mwenyewe, alilouza kwa mkono wake mwenyewe, huku anacheka.

"Shemeji, umekosa kijiko?" aliuliza mke wa Kiraka.

"Nimekipata," akajibu Mpyampya kwa sauti ya mtu aliyemeza kijiko hicho.

Akainuka. Akalipigapiga kochi mgongoni, taratibu, kama unavyompapasa ng'ombe unayetaka kumwiba.

"Mwanyumba," akasema, "aibu hii. Mama anakuja halafu anakaa juu ya gofu? Nipe nilivike upya. Bure."

Mke wa Kiraka akamtazama mumewe. Mumewe akamtazama Mpyampya.

"Bure?" Kiraka akauliza. "Wewe?"

"Mimi."

"Unaumwa?"

"Mama ni mama yetu sote."

Kiraka alilizunguka kochi, akalitazama huku na huku kama bidhaa ya dukani. "Ngoja nilifikirie mpaka kesho," akasema. Mpyampya akarudi nyumbani akakesha akimlaani. Kesho yake Kiraka akakubali, na kochi likapanda mkokoteni.

Mchana ule ule Mpyampya alifunga mlango wa mbele wa karakana, akavua shati, akalipindua kochi miguu juu. Alijiambia tajiri kama yule hawezi kuficha mahali pamoja tu. Kiraka alipasua tumbo; je, mikono? Mgongo? Fundi viatu anajua nini habari za mgongo wa kochi? Akakata. Akang'oa. Alichomoa nyuzi za makumbi kwa mafungu, vumbi la enzi za babu likapanda, akapiga chafya mpaka jora la mahameli likatikisika. Akatoa springi moja moja na kuzichungulia kama darubini. Akapata kitana kisicho na meno. Akapata vifungo vya nguo za mtu mnene sana. Akapata sarafu moja ya zamani, ambayo hata ilipokuwa inatumika ilikuwa hainunui kitu.

Ulibaki mkono wa kulia. Ulikuwa na tundu jembamba ndani yake, na Mpyampya akalala ubavu, akaingiza mkono wake mpaka begani. Vidole vikagusa kitu kigumu, baridi, chenye ncha. Mate yakamjaa. Akavuta. Hakikuja. Akajivuta yeye. Naye hakuja.

"Hodi," ikasema sauti kutoka mlango wa nyuma, ambao hakuufunga.

Alikuwa Kiraka, na kiatu cha mtu mkononi. Alisimama akaitazama karakana: springi huku, mbao kule, makumbi kila mahali, na mwanyumba wake kifua wazi, amemezwa na kochi mpaka kwapani.

"Unafanya nini, mwanyumba?"

"Napima."

"Unapima kwa bega?"

"Ndio vipimo vya kisasa."

Kiraka akakaa juu ya lundo la makumbi, akaweka kile kiatu magotini. "Hicho kigumu unachokishika ni kisu changu cha kukatia soli. Kiliniponyoka kikatumbukia humo. Ukikitoa nitashukuru, nilikuwa nataka kununua kingine na bado nakitazama."

Mpyampya akalaza kichwa sakafuni. Hapakuwa na mahali pa kukificha.

"Pesa ulizikuta wapi?" akauliza, sauti imetoka puani. "Niambie tu. Tumboni?"

"Pesa gani?"

"Za mjane! Nimeuona mshono wako. Mshono wa soli. Mimi si mtoto."

Mabega ya Kiraka yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, kwa ubahili ule ule, kama mtu anayebana hata kicheko kisije kikaisha. Machozi yakamtoka.

"Nilikuta panya," akasema. "Mkavu. Siku ile ile niliyolinunua. Nilikimbia nalo nyumbani, mke wangu nikamtuma sokoni ili asione, nikalipasua. Na mimi nilisikia habari za yule mjane, ulidhani umesikia peke yako? Nilikuwa nimekwisha kupanga jinsi ya kukuficha habari. Nikakuta panya, bwana. Nikamzika, nikashona, nikanyamaza."

"Na mabati?"

"Mabati niliyatazama dukani mwaka mzima. Kila nilichokitazama nikakiacha, kikawa bati."

"Mwongo."

"Basi tafuta," Kiraka akasema, akainuka, akajikung'uta. "Ila mama anakuja Jumamosi. Na mke wangu ameshatangaza jirani kwa jirani kwamba kochi letu linavikwa na fundi mkubwa. Tusiaibike." Akamshika mkono, akamsaidia kuuzungusha kidogo, ukatoka, na kisu kikatoka nao. Kiraka akakifuta kwenye suruali, akaenda zake akiwa amepata faida hata hapo.

Mpyampya alibaki na kochi lililokuwa si kochi tena bali lundo la kuni. Wazo la kwanza lilikuwa kulirudishia kitambaa kilekile kichakavu na kusema mashine imeharibika. La pili lilikuwa kulifunga kwa magunia. Lakini aliiona Jumamosi machoni pake. Mama mkwe amekaa pale, mtaa mzima umekuja kuamkia, na kila mtu anageuza kichwa anauliza: hii ndiyo kazi ya fundi mkubwa? Husuda ilimchoma pande mbili. Akilitengeneza vibaya, ataaibika yeye. Akilitengeneza vizuri, atastarehe Kiraka.

Madukani hakuwa na mkopo tena. Kitambaa pekee kilichokuwa karakana nzima kilikuwa kimesimama kwenye kona, rangi ya damu ya mzee, kinamngoja bwana wake.

Alilitandaza jora mezani. Alipitisha kiganja juu yake, upande huu likang'aa, upande ule likatia giza. Kisha akachukua mkasi, na kila ulipofunga meno, kitu kilifunga kifuani mwake. Alikaza mikanda upya, akafunga springi kwa kamba zinazovutana vizuri, akachambua yale makumbi ya zamani kwa vidole mpaka yakalainika. Alipofika upande anaokaa Kiraka, lilimjia wazo la kuacha springi moja iwe inamchoma taratibu miaka yote iliyobaki. Mkono ukakataa. Mkono wa fundi una dini yake, hausikilizi roho.

Jumamosi mama mkwe akaja. Akavua viatu, akalizunguka kochi, akalibonyeza kwa kidole, akakaa. Akajisogeza. Akafumba macho kidogo, na chumba kizima kikangoja.

"Hili ndilo lile gofu la marehemu?" akauliza.

"Ndilo, mama," akasema mdogo mtu.

"Nani kalifufua?"

"Mwanyumba wangu," Kiraka akasema kabla Mpyampya hajakohoa. "Bure, mama. Mbele ya hawa wote nasema, hakupokea kitu."

Mama mkwe akamtazama Mpyampya kutoka utosini hadi unyayoni. "Mkwe wangu! Miaka yote hiyo unanikalisha kwenye vipya mpaka nikadhani unajua kununua tu. Kumbe una kazi mikononi."

Mpyampya hakujua kama amesifiwa au amechapwa. Watu walioingia kuamkia walilipapasa lile kochi, wakaulizana bei ya kochi jipya, wakaguna, wakalipapasa tena. Na kila aliyepapasa alimpongeza Kiraka. "Umepata, bwana Kiraka!" Mpyampya alimeza chai isiyo na sukari, akaona ina chumvi.

Jumatatu alikwenda karakana kufunga virago. Muuza vifuniko alikuwa tayari amesimama nje na futi yake ya kupimia. Lakini kati yake na mlango ulisimama mkokoteni, juu yake kochi lililotoka matumbo, na kando yake mama mmoja.

"Fundi viatu amenielekeza," yule mama akasema. "Nilipeleka kandambili zangu, akaniuliza, na kochi lako lina hali gani? Nikamwambia limekufa. Akasema halijafa."

Jioni likaja la pili. Kesho yake yakaja mawili kwa pamoja, wenyewe wakagombea nani aanze. Watu wasioweza kununua kipya walikuwa wamejaa mjini, ila hakuna aliyewahi kudhani kwamba fundi wa vipya angekubali vya zamani, na yeye mwenyewe hakuwahi kudhani. Kwenye kona ya soko Kiraka alishona kiatu cha mtu, akakata uzi, akauliza: na kochi? Mwezi ulipoisha mwenye jengo alipata kodi yake. Muuza vifuniko akakunja futi akaenda kupima ukuta wa mtu mwingine.

Karakana ikawa imepona. Mpyampya hakupona. Kila mteja alipoingia alisema neno lile lile, "Kiraka kanituma," na kila mara lilimwingia kama msumari uliokosea mbao. Angependa kuokolewa na mtu mwingine yeyote. Hata na muuza vifuniko. Siku moja alipita dukani, akaona redio mpya, akaingia, akaigeuza, akainusa, akauliza bei, akatoka bila kuinunua.

"Na wewe umekuwa Mkaguzi?" muuzaji akamtania mgongoni. Mpyampya alitembea njia nzima amekasirika, kwa sababu alikuwa hajajua kwamba ameinusa.

Hasira zile zikampeleka moja kwa moja kwa Kiraka. Alitaka kuiona mahameli yake. Haki yake hiyo. Kama wengine wanaipapasa, na yeye aipapase.

Akabisha hodi, akaingia, akasimama katikati ya chumba.

Kochi lilikuwa limefunikwa shuka. Shuka yenyewe ilikuwa ya zamani, imefuliwa mpaka maua yake yamekwenda na maji, na imetiwa viraka vya rangi tatu. Pembe zote zilikuwa zimechomekwa kwa ndani, vizuri, hata uzi mmoja wa mahameli hauonekani.

"Nini hiki?" akauliza.

"Lisichakae, shemeji," akasema mke wa Kiraka.

"Lifunueni!"

"Tunalifunua akija mgeni," akasema Kiraka, bila kuinua macho kutoka kwenye kiatu anachokishona.

"Na mimi ni nani?"

"Wewe si mgeni, mwanyumba. Wewe ni wa hapa hapa. Kaa."

Mpyampya akalisogelea kochi. Akakaa. Springi zikampokea vizuri, moja baada ya nyingine, kama alivyozifunza. Shemeji yake akaenda kuleta chai. Kiraka akaendelea kushona, sindano mbili, tundu moja. Na pale pembeni ya paja, Mpyampya akaona kiraka kimoja cha shuka kimeachia kidogo. Aliangalia huku, akaangalia kule, kisha akapenyeza kidole humo polepole, akaigusa mahameli yake, akaipapasa upande unaong'aa, kama mzazi anayemwamkia kwa siri mtoto aliyelelewa na nyumba nyingine.